Meza Moja, Wiki 12: Shajara ya Kujenga Kazi ya Mikono Iringa

Mradi: kutoka ajira ya mchana kuelekea kazi ya ubunifu ya kujitegemea, kwa kutengeneza madaftari ya kushonwa kwa mkono yenye jalada la kitenge. Mahali: Kihesa, Iringa. Muda: Jumatatu ya kwanza ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Mwenye meza yuko kazini saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, hana msaidizi, na mtaji wake unatosha vifaa vya wiki mbili tu kwa wakati mmoja.

Kinachohesabiwa humu ni vikao. Kikao kimoja ni dakika 50 mezani, siku 6 kwa wiki, Jumapili mapumziko. Idadi ya madaftari na fedha vinaandikwa ukurasa mwingine, na ukurasa huo unafunguliwa Jumamosi peke yake. Tumeutenga kwa makusudi. Anayepima kazi changa kwa mauzo ya kila siku atakuwa na siku nyingi mbaya kuliko njema, na siku mbaya tano mfululizo zinatosha kuua kazi ambayo haina kasoro yoyote.

Wiki ya 1

Wiki hii haikupangiwa daftari hata moja. Imepangiwa kukaa.

Saa ya kukaa ilikuwa swali gumu kuliko tulivyotarajia. Juni hapa Iringa jua hutoka karibu na saa 12:45 asubuhi, kwa hiyo anayejipangia saa 11 alfajiri anajipangia giza, baridi na taa hafifu, na kukunja karatasi kwa mstari kunataka mwanga. Jioni baada ya kazi ilionekana rahisi, ila ndiyo saa ya wageni, maji, chakula na simu. Imeamuliwa saa 12:40 hadi 1:30 asubuhi, meza ikiwa chini ya dirisha la mashariki.

Kianzio cha kikao hakiwi saa ya ukutani, kinakuwa tendo: "Nikishaweka birika jikoni, nakaa mezani." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye tendo au mahali maalumu hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla kama "nitajitahidi asubuhi." Sababu yake ni nyepesi: birika unaliona, kujitahidi hukuoni. Tendo lichaguliwe lile linalofanyika kila siku bila kujali hali ya moyo. Kuna watu huchagua sala ya asubuhi, nayo inafaa vizuri.

Vifaa vya mezani: rula ya chuma, kisu cha wembe, msharasi na uzi wa fundi viatu, sindano nene 3, donge la nta ya nyuki, brashi ya rangi ya inchi 1, gundi nyeupe ya maseremala, mbao mbili za paini za sm 25 kwa 30, na matofali mawili yaliyofungwa gazeti kwa kukandamizia. Kifaa cha kulaza mkunjo kimechongwa kwa mwanzi mkavu, ule wa ulanzi, sm 15, ukingo umelainishwa kwa msasa. Mbao za paini zinazotoka Mafinga zikiwa bado mbichi hutoa utomvu na kutia karatasi doa. Zianikwe wima kivulini wiki mbili kabla ya kuzitumia, au zifungwe kwa nailoni.

Jioni, kabla ya kulala, dakika 5 za kuandaa: karatasi za kesho juu ya meza, kifaa cha kwanza juu yake, simu inalazwa chumba kingine. Dakika hizi 5 hazihesabiwi kama kikao, ila bila hizo kikao cha asubuhi huanza kwa kutafuta rula, na anayetafuta rula ataiona simu kwanza.

Vikao: 5 kati ya 6. Kilichokosekana ni cha Jumamosi, maana birika liliwekwa saa 3.

Wiki ya 2

Kosa la kwanza la kitaalamu, na limegharimu rimu nzima.

Karatasi ya kiwandani ina mkondo wa nyuzi. Rojo la karatasi linapopita kwenye mashine, nyuzi hulala kuelekea upande mmoja. Karatasi hukunjika vizuri sambamba na mkondo, na ikiukata mkondo hupasuka kidogo kwenye mkunjo. Karatasi za A4 za gramu 80 zinazouzwa kwenye steshenari kwa kawaida zina mkondo unaofuata urefu wa mm 297. Ukiikunja A4 katikati kupata A5, mgongo wa daftari unakatiza mkondo. Matokeo: daftari halilali wazi, kurasa zinasimama kama masikio ya sungura, na gundi ikishagusa mgongo kurasa zinafanya mawimbi.

Kupima mkondo: kata kipande cha mraba cha sm 5, lowesha upande mmoja. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo limelala sambamba na mkondo. Njia ya pili ni kuchana kwa mkono. Upande wa mkondo huchanika karibu mstari, upande mwingine huchanika ovyo. (Karatasi ya mkono haina shida hii, kwa kuwa rojo lake hutikiswa pande zote. Kituo cha Neema Crafts cha hapa Iringa, kilichoanza mwaka 2003, hutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ukiishika utaona nyuzi zilivyotawanyika.)

Dawa: kununua shiti kubwa za sm 61 kwa 86 kwa wachapaji, zenye mkondo wa upande mrefu, na kuomba zikatwe kwa mashine yao vipande vya mm 297 kwa 210, ule wa 210 ukifuata upande wa 86. Kila shiti inatoa vipande 8. Daftari moja lina mafungu 5, kila fungu likiwa vipande 8 vilivyokunjwa pamoja, yaani vipande 40, kurasa 160. Kwa hiyo daftari moja ni shiti 5, na shiti 500 ni madaftari 100. Sema kwa maneno na uchore mshale kwenye karatasi ya oda, kwa sababu mkataji huangalia vipimo na mabaki, haangalii mkondo. Hiyo ni kazi yake, naye anaifanya vizuri. Mkondo ni kazi yako.

Rimu iliyoharibika haikutupwa. Imekuwa karatasi ya kujifunzia kushona kwa wiki mbili zilizofuata, na huo ndio ushauri wetu kwa kila anayeanza: karatasi ya kujifunzia iwe tayari imeharibika, mkono usiogope.

Vikao: 6 kati ya 6.

Wiki ya 3

Mpango ulisema madaftari 4 kwa wiki: Jumatatu kukunja mafungu 20 na kutoboa, Jumanne kushona mawili, Jumatano mawili, Alhamisi gundi ya mgongo na kukata kadibodi, Ijumaa majalada, Jumamosi kuingiza kiini (kurasa zilizoshonwa) ndani ya jalada. Kushona daftari moja kulikadiriwa dakika 25. Kwa mkono mgeni kumechukua dakika 45 hadi 50. Hesabu yote ya wiki ikaanguka Jumanne.

Hapa watu wengi hufanya jambo linaloua mazoea: wanaongeza saa. Kikao cha dakika 50 kinakuwa cha saa 2, asubuhi inavamia ajira, na ndani ya siku chache mwili unaanza kuichukia meza. Kinachopunguzwa ni idadi. Mpango umeshushwa kuwa madaftari 2 kwa wiki hadi kushona kufike dakika 30, na kikao kimebaki dakika 50 zile zile. Saa ya mezani ikilia, sindano inasimama ilipo, hata katikati ya fungu.

Kusimama katikati kuna faida yake. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha matokeo yake kwamba watu waliokatizwa kazi waliikumbuka zaidi kuliko kazi waliyoimaliza. Wanasaikolojia wa baadaye wamebishana kuhusu nguvu ya jambo hilo, ila mezani faida inaonekana bila kubishana: anayekuta uzi umeshaingia kwenye sindano na tundu linalofuata liko wazi hahitaji kuamua chochote asubuhi. Uamuzi ndio unaochosha.

Vipimo vya kushona, kwa atakayefuata: matundu 6 kwa fungu, ya mwisho yakiwa sm 1.5 kutoka kila ncha. Urefu wa uzi ni sm 21 mara mafungu 5, ongeza sm 30, jumla sm 135. Paka nta mara mbili. Uzi ukivutwa kuelekea juu, karatasi hupasuka kwenye tundu. Uvutwe sambamba na mgongo, upande unakoelekea mshono. Fundo la mwishoni mwa kila fungu lipite chini ya mshono wa fungu lililotangulia, la sivyo mafungu yatatengana kama meno.

Vikao: 5 kati ya 6.

Wiki ya 4

Baridi imeingia sawasawa. Vikao 3 tu.

Wiki ya 3 hadi ya 5 ndiko miradi mingi ya kujitegemea inakofia, na haifi kwa uvivu. Ugeni wa kazi umeisha, ustadi haujafika, na watu waliosema "hongera" mwanzoni wameshazoea. Ari ya wiki ya kwanza ilikuwa mkopo, nao sasa umeisha.

Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijenga zoea moja la kila siku. Kwa wastani wa kati zoea lilianza kujiendesha baada ya siku 66, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: siku 18 kwa mmoja, 254 kwa mwingine (hii ya pili ni makadirio, maana inazidi wiki 12). Wiki 4 ni siku 28. Anayejilaumu kwamba bado anajilazimisha amejihukumu mapema. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakuharibu ujenzi wa zoea kwa kiasi cha maana, na hilo ndilo tunaloomba lisomwe mara mbili. Daftari la vikao likitunzwa kama mnyororo ambao ukikatika kila kitu kimekwisha, siku moja ya homa inamaliza mradi.

Kanuni zilizoandikwa ukutani wiki hii: usikose siku mbili mfululizo, kikao kilichokosekana hakilipwi, siku ya shida kikao ni dakika 10, nacho kinapata alama ya penseli sawa na kingine. Kanuni ya pili inaonekana kama uzembe, lakini deni la vikao 3 likibebwa hadi Jumatatu, Jumatatu inakuwa na vikao 4, na hakuna mtu anayevikaa.

Kuhusu baridi yenyewe, marekebisho yalikuwa ya vitu: jiko la mkaa halifai ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake inaua. Blanketi miguuni, soksi nzito, chai kwenye chupa iliyojazwa usiku.

Wiki ya 5

Majalada ya kwanza, na kitenge kimegoma. Gundi ilipenya kutoka nyuma na kutokea mbele kama madoa ya mafuta. Sababu ni mbili: kitenge kilikuwa na wanga wa dukani uliozuia gundi kushika sawasawa, na nyuma yake hakikuwa na karatasi.

Njia sahihi inachukua siku mbili. Fua kitenge kwa maji ya moto na sabuni, suuza, anika, piga pasi. Pika uji wa unga wa ngano: kipimo 1 cha unga kwa vipimo 5 vya maji, koroga kwa moto mdogo hadi uwe mzito na uanze kung'aa, poza, chuja kwa kitambaa. Laza kitenge juu ya meza laini, uso chini, kinyunyizie maji, nyoosha kutoka katikati kwenda pembeni. Paka uji kwenye karatasi nyembamba, ilaze juu ya kitenge, isugue kwa brashi kavu kuondoa mapovu. Acha usiku kucha, na katika baridi hii subiri saa 24 kamili. Uji hukaa siku 2 au 3 tu. Ukinusa uchachu, mwaga.

Ukataji: jalada moja linahitaji mm 256 kwa 356. Kitenge cha upana wa sm 115, yadi moja inatoa majalada 9 yakikatwa yote kwa mwelekeo mmoja. Yadi mbili zikikatwa pamoja zinatoa 21 badala ya 18, kwa sababu kipande kinachobaki mwishoni mwa kila yadi kinaungana. Kwa hiyo usinunue yadi moja moja hata kama muuzaji anakubali.

Ukubwa umefungwa: A5 tu, kadibodi ya mm 2 tu, mm 216 kwa 145. Wengi wanadhani ubunifu unahitaji kila kitu kiwe huru. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya masonaiti (ubao mwembamba ulioshindiliwa), na kufikia kifo chake mwaka 1972 mtindo wake ulikuwa umeshapata wafuasi. Ubao mmoja, rangi za aina moja, nafasi yote ya fikra ikabaki kwa wanyama na maua. Mezani hapa uhuru uko kwenye kitenge na uzi. Kipimo hakijadiliwi hadi Septemba.

Vikao: 6.

Wiki ya 6 na 7

Kushona kumefika dakika 30, kisha 26. Mpango wa madaftari 4 umerudi.

Uuzaji umepewa kiti chake: Jumamosi mchana, dakika 90. Picha, ujumbe, kupeleka mzigo, hesabu, vyote humo. Asubuhi haiguswi. Anayejibu wateja kabla ya kushona atashona mabaki ya akili.

Bei imepangwa kwa hesabu ya muda. Vikao 6 vya dakika 50 ni dakika 300. Kwa madaftari 4, kila moja dakika 75. Ukiweka saa yako sh. 3,000, kazi ya mkono ni sh. 3,750. Dakika 90 za kuuza zikigawanywa kwa 4 ni dakika 22 na nusu, sh. 1,125. Jumla sh. 4,875 kabla ya karatasi, kitenge, uzi na gundi. Weka kiwango chako mwenyewe, mradi hesabu isiruke dakika za kuuza. Wengi huziruka, kisha wanashangaa kwa nini wana wateja wengi na mfuko mtupu. Fedha za meza zinakaa kwenye laini ya simu ya peke yake, isiyotumika kununulia vocha wala sukari.

Picha: dirishani, saa 10 jioni, kanga nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Picha moja ya jalada, moja ya mshono, moja daftari likiwa limelala wazi. Hiyo ya tatu ndiyo inayouza.

Wiki ya 8

Oda ya madaftari 30 kwa wiki 2. Uwezo wa meza ni 8 kwa wiki 2.

Kukubali oda hii kungelazimu vikao vya usiku, na kadibodi zingetolewa kwenye matofali kabla ya kukauka. Ilijibiwa hivi: "Shikamoo mama. Asante sana kwa oda. Meza yetu inatoa madaftari 8 kwa wiki 2, yaliyokauka vizuri. Naomba nikuletee 8 tarehe 8 Agosti, mengine kila baada ya wiki 2, au nikuelekeze kwa fundi mwingine kwa yanayobaki." Amechukua 8. Anayeogopa kusema idadi yake halisi hana budi kuijua kwanza, na ndiyo faida ya kuandika vikao.

Tatizo moja: tarehe 8 ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, na mwenye meza anapaswa kuwa Mbeya kwenye maonyesho. Mzigo umepangwa kupelekwa tarehe 31 Julai, na mteja ameambiwa mapema.

Wiki ya 9

Vikao 6. Madaftari 4. Mgongo sasa unawekewa karatasi ya kaki, ile ngumu ya mifuko, mfano wa inayotengenezwa Mgololo kule Mufindi. Inashika kuliko gazeti.

Wiki ya 10

Maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Safari ni zaidi ya kilomita 300, meza imebaki Kihesa, na mazoea yaliyofungwa kwenye birika hayana birika.

Kilichobebwa: boksi moja la viatu lenye mafungu yaliyokunjwa na kutobolewa, uzi uliokatwa sm 135 tayari, sindano, nta. Hakuna gundi, hakuna kisu. Kianzio kipya kimeandikwa kabla ya kuondoka: "Nikishatandua turubai la meza ya maonyesho, nashona fungu moja." Kushona mbele za watu kumevuta wageni kuliko madaftari yaliyopangwa. Mtu akiona sindano inapita haulizi tena kwa nini bei haifanani na ya dukani. Salamu ni za kila lugha, kamwene na ugonile, na kila mtu anataka kufungua daftari aone kama linalala.

Soko la Mwanjelwa limepitiwa kwa vitenge, yadi mbili mbili.

Vikao: 4, vyote vifupi.

Wiki ya 11

Kurudi kumekuwa kugumu kuliko kuondoka. Siku ya kwanza dakika 10, ya pili 10, ya tatu 50. Tumeruhusu hivyo kwa makusudi.

Majalada 3 yamepinda kuelekea nje. Gundi na kitenge vinapokauka hunywea na kuivuta kadibodi, na karatasi ya ndani hubandikwa ili ivute upande wa pili. Madaftari haya yalikaa kwenye matofali kwa muda wa saa 5 tu, kwa haraka ya safari. Saa 24 ndizo kiwango cha chini: gazeti la kunyonya unyevu libadilishwe baada ya muda wa saa 1, kisha asubuhi. Usianike juani, upepo wa Iringa wa Agosti unakausha uso mmoja kabla ya mwingine. Kukiwa na mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba, tutaweka saa 48.

Wiki ya 12

Alama za penseli kutoka Juni: vikao 59 kati ya 72. Dakika 50 za asubuhi hazijadiliwi tena. Birika likiwekwa, kiti kinavutwa. Ajira ya mchana inaendelea hadi meza ilipe kodi ya nyumba miezi 6 mfululizo. Septemba inaongezwa saizi moja, A6, kwa ajili ya vyuo vinavyofunguliwa Oktoba na Novemba, na kikao kinabaki kilivyo.

Mezani usiku huu: mafungu 5, la tatu limeshonwa nusu. Sindano iko kwenye tundu la nne, uzi umepakwa nta, msharasi uko kulia, chupa ya chai imejaa.